Kwaya ya Shule ya Kamina na Misa Iliyozunguka Dunia

Tarehe 23 Machi 1958, katika misheni ya Kikatoliki ya Mtakatifu Bavo mjini Kamina, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, iliimbwa misa ya aina mpya kabisa. Maneno yalikuwa yaleyale ya Kilatini yaliyotumika katika makanisa ya Kikatoliki duniani kote. Waimbaji walikuwa wavulana wa shule wenye umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wao. Muziki ulikuwa wa nyumbani kwao: nyimbo za msiba, za kuagana na za ngoma. Misa hiyo ikaitwa Missa Luba, yaani Misa ya Waluba, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeshaimbwa Ulaya na kurekodiwa kwenye santuri ya kampuni ya Philips.

Mara nyingi habari ya Missa Luba husimuliwa kama habari ya padri mmoja Mbelgiji, au ya santuri iliyopendwa, au ya filamu maarufu zilizoitumia. Hayo yote yamo, na nitayafikia. Lakini kabla ya kuwa santuri ilikuwa kazi ya shule, na walioifanya walikuwa wanafunzi na walimu wa shule hiyo. Naona inastahili kuandikwa hivyo, kama historia ya shule, kwa sababu humo ndimo linamoonekana jambo ambalo wapangaji wa ratiba za masomo hulisahau upesi: mtoto wa miaka kumi akipewa nafasi ya kuimba anachokijua, mbele ya mwalimu anayemsikiliza kwa makini, anaweza kushiriki katika kuumba sanaa kubwa. Hahitaji kwanza kukua.

Kamina ni mji uliokuzwa na reli. Njia ya kutoka Bukama hadi Port-Francqui, ambayo leo inaitwa Ilebo, ilikamilika mwaka 1928 ikipita hapo, na shaba ya Katanga ikapata njia ya kufika mto Kasai bila kutoka nje ya koloni. Mwaka 1956 ikafunguliwa reli nyingine kati ya Kamina na Kabalo, na kwa njia hiyo mji ukaunganishwa na ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa na Kigoma, na kutoka Kigoma na Dar es Salaam. Karibu na mji Wabelgiji walijenga kambi kubwa ya kijeshi. Mji wa namna hiyo hukusanya watu. Waluba wa Katanga walikuwa kwao. Waluba na Waluluwa wa Kasai walifuata reli wakitafuta kazi. Kiluba kilizungumzwa nyumbani, Kiswahili sokoni na stesheni, Kifaransa ofisini. Mtoto aliyekulia hapo alizisikia nyimbo za zaidi ya kabila moja kabla hajashika kalamu, na hilo lina uzito katika habari hii, maana misa iliyozaliwa Kamina ina jina la Waluba lakini ndani yake mna mdundo wa Kasai na wimbo wa Bena Lulua, yaani hao Waluluwa.

Padri Guido Haazen, Mfransisko aliyezaliwa Antwerp mwaka 1921, alikabidhiwa uongozi wa Shule ya Kati ya Kamina Septemba 1953. Wakati huo karibu elimu yote ya msingi ya Waafrika katika Kongo ya Wabelgiji ilikuwa mikononi mwa misheni. Muziki ulifundishwa, na ulifundishwa sana, ila ulikuwa muziki wa upande mmoja. Kanisani watoto waliimba nyimbo za Kigregoriani, au tenzi za Ulaya zilizotiwa maneno ya lugha za Kiafrika bila kujali kama sauti inapanda au kushuka pale neno linapotaka. Ngoma ilikuwa na sifa mbaya. Wamisionari wengi waliihesabu kuwa mlango wa kurudia upagani, na mwanafunzi wa misheni aliyekutwa ngomani hakusalimika.

Haazen akachukua njia nyingine. Miezi michache tu baada ya kufika alikuwa ameshaunda kundi la waimbaji na wapiga ngoma, wavulana 45 na walimu 15. Akalipa jina la Troubadours du Roi Baudouin, Waimbaji wa Mfalme Baudouin, kwa heshima ya mfalme kijana wa Ubelgiji aliyekuwa ametawazwa mwaka 1951. Jina hilo ni muhuri wa zama zake na halifichi kitu kuhusu nani alikuwa anamiliki nini. Kilichofanyika chini ya jina hilo, hata hivyo, kilikuwa cha Wakongo.

Ukitazama muundo wa kundi hilo unaona mpango mzuri wa ufundishaji. Walimu 15 hawakusimama pembeni wakishika fimbo. Walisimama ndani ya kwaya na kuimba. Sauti za chini zilikuwa zao, sauti za juu zikawa za wavulana ambao sauti hazijavunjika. Mtoto aliyeshindwa kushika wimbo alikuwa na mwalimu wake pembeni, mdomo wazi, akiuimba. Mtu yeyote aliyewahi kuimba kwaya anajua tofauti ya kuelekezwa na kuongozwa namna hiyo. Wasichana hawakuwamo. Elimu ya misheni iliwatenga na kuwapa shule zao, mara nyingi zenye masomo hafifu zaidi, na ninapolisifu kundi hili sitaki pengo hilo lipite bila kutajwa.

Nyimbo walizoanza nazo hazikuwa za kanisa. Zilikuwa nyimbo ambazo kila mtu mjini alizijua kutoka kijijini kwao: wimbo wa harusi, wimbo wa kumaliza matanga, wimbo wa kazi, wimbo wa askari, wimbo wa kuchezea. Kadhaa kati yake zilikuja kurekodiwa na zimejaza upande mmoja wa santuri iliyobeba Missa Luba upande wa pili. Namna ya kuziimba ilikuwa ile ya asili, ya kuongoza na kuitikia. Mwenye sauti ya kuongoza huanzisha mstari, huurefusha, huupinda apendavyo. Kundi humpokea kwa sauti mbili zinazokwenda sambamba, moja juu ya nyingine. Hakuna karatasi ya nota. Anayeongoza hana uhakika kamili atakavyomaliza mstari wake mpaka aumalize, na anayeitikia lazima awe macho.

Hiyo ndiyo elimu yenyewe, na ningependa tukae hapo kidogo. Tumezoea kudhani kwamba kufundisha muziki ni kufundisha kusoma muziki. Katika Afrika ya Mashariki makwaya mengi, ya Kilutheri na ya Kikatoliki, yamekulia kwenye solfa, na mwalimu wa kwaya anayeandika do, re, mi ubaoni amewawezesha wakulima na wavuvi kuimba kwa sauti nne. Siipuuzi kazi hiyo hata kidogo. Lakini solfa humfundisha mwimbaji kufuata kilichokwisha kuamuliwa. Kilichofanyika Kamina kilimfundisha mtoto kuamua: aingie lini, arefushe kiasi gani, aache nafasi wapi ili mwenzake ajibu. Kumbukumbu yake inafanya kazi, sikio linafanya kazi, na adabu pia, kwa sababu anayemkatiza kiongozi ameharibu wimbo wa watu wote.

Kwa njia hiyohiyo wakaiumba Misa. Maneno ya Kilatini hayakubadilishwa hata moja. Kanisa lilikuwa halijaruhusu vinginevyo. Swali likawa: maneno haya, kama yangekuwa yetu, tungeyaimba kwa wimbo gani? Na jibu lilipatikana kwa kujaribu, kundi zima pamoja, hadi kila sehemu ya Misa ikapata wimbo unaofanana nayo kwa maana.

Kyrie ni ombi la huruma. Kwa Waluba, mtu aliyeelemewa ana namna yake ya kuomba tangu zamani, nayo ni kasala: maghani ya kumlilia marehemu na kutaja ukoo wake, yanayotolewa na mtu mmoja mbele ya waombolezaji. Kyrie ya Kamina imejengwa juu ya kasala. Sauti pekee inayoongoza ni ya Joachim Ngoi, mwalimu wa shule hiyo, tenori nyembamba inayopanda bila kukaza koo, kisha watoto wanampokea. Mtu asiyejua neno la Kiluba wala la Kilatini anatambua kwamba hapa kuna watu wanaolia.

Credo ndiyo sehemu ndefu zaidi kwa maneno, orodha ya mambo yote ambayo Mkristo anakiri kuyaamini, na watunzi wengi hupata shida kuipitisha bila kuchosha. Kamina waliipa mwendo wa ngoma, ikasonga. Halafu inafika mahali panapotajwa kusulubiwa. Hapo mwendo unabadilika na inaingia sauti ya kutangaza kifo, kasala tena, ile ambayo watu wa kijiji wakiisikia huacha majembe na kuelekea msibani. Kifo cha mtu aliyeuawa Yerusalemu kikatangazwa kama anavyotangaziwa jirani. Wanatheolojia wamejaza vitabu kueleza namna imani inavyoweza kuingia katika utamaduni wa watu. Wavulana hawa waliimba, na katika sekunde chache walikuwa wamemaliza.

Sanctus imechukua wimbo wa Kiluba wa kuagana. Ni fupi, haifiki dakika mbili, nayo ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Sijui uteuzi mwingine wa wimbo ulio mzuri kuliko huu. Sala inayotangaza utakatifu wa Mungu ingeweza kupewa vigelegele, na badala yake ikapewa sauti ya watu wanaoachana njiani bila kujua watakutana lini. Vigelegele vinakuja baadaye, kwenye Hosana, ambapo unaingia mdundo wa ngoma ya Kasai. Na Agnus Dei, sala ya mwisho ya kumwomba Mwanakondoo wa Mungu amani, imejengwa juu ya wimbo wa Bena Lulua ambao ndani yake wachezaji humwomba mpiga ngoma mdundo mpya kwa ajili ya mchezo unaofuata. Ombi juu ya ombi.

Vyombo ni vichache: ngoma, kibuyu cha kutikisa, gogo lililochimbwa na kupigwa kwa vijiti. Hakuna kinanda. Misa nzima haifiki nusu saa.

Haikuwa kwamba Kamina ilikuwa peke yake katika juhudi hizi, na ingekuwa dhuluma kuacha wengine. Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, ilikuwa na kwaya ya wavulana wa Msalaba wa Shaba iliyoanzishwa na mmonaki Mbenediktino, Anschaire Lamoral, ikachukua jina la misalaba ya shaba iliyotumika Katanga kama fedha kabla ya ukoloni. Mjini humo alifanya kazi Joseph Kiwele, mwalimu na mtunzi Mkongo aliyeandika Misa yake mwenyewe kwa nota. Upande wa Tanganyika, Padri Stephen Mbunga alitunga Misa Baba Yetu miaka hiyohiyo. Hewa ilikuwa imeanza kubadilika. Kilichoitofautisha Kamina ni kwamba mtunzi hakuwa mtu mmoja, na waliotunga walikuwa bado wanafanya hesabu za kugawanya.

Mwaka huohuo 1958 kwaya ikapelekwa Ulaya. Iliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na iliwahi kuimba pamoja na Kwaya ya Wavulana ya Vienna, taasisi ambayo asili yake inarudishwa nyuma hadi mwaka 1498 na kasri la kifalme la Maximilian wa Kwanza. Iliimba pia kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels, yaliyofunguliwa Aprili na kufungwa Oktoba. Kwa watoto waliokulia Kamina ilikuwa safari kubwa mno. Makofi waliyopigiwa yalikuwa ya kweli, na waliyastahili.

Lazima pia isemwe kilichokuwa kikiendelea katika maonyesho hayohayo. Serikali ya Ubelgiji ilikuwa imejenga hapo kile ilichokiita kijiji cha Wakongo: vibanda vya nyasi, mafundi wa Kikongo wameketi nyuma ya uzio wakichonga na kusuka, na wageni wamejipanga nje wakiwatazama. Baadhi ya wageni waliwarushia ndizi na sarafu. Wakongo wale walilalamika na kuondoka kabla maonyesho hayajafungwa. Mvulana aliyepigiwa makofi jukwaani na fundi aliyerushiwa ndizi walikuwa watu wa nchi moja, chini ya bendera moja. Sioni njia ya kuisimulia ziara ya kwaya kwa haki bila kuyaweka mambo haya mawili pamoja. Ukoloni uliweza kuushangilia muziki wa mtoto wa Kikongo huku ukimnyima elimu ya juu: miaka miwili baadaye, siku ya uhuru, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakuzidi 30 katika nchi nzima.

Santuri ndiyo iliyoendelea na safari. Philips waliirekodi Misa mwaka 1958, na toleo la miaka ya mwanzo ya 1960, lenye Misa upande mmoja na nyimbo za nyumbani upande wa pili, likasambaa Uingereza na Marekani. Mwaka 1964 mwongozaji wa filamu Mwitaliano, Pier Paolo Pasolini, aliitumia sehemu ya Misa iitwayo Gloria katika filamu yake ya Injili ya Mathayo. Mwaka 1968 Mwingereza Lindsay Anderson akaitumia Sanctus katika filamu yake iitwayo If...., inayohusu wanafunzi walioasi katika shule ya bweni ya kitajiri. Filamu hiyo ikapata tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka uliofuata. Mwaka huo wa 1969 Sanctus iliingia katika orodha ya nyimbo zinazouzwa zaidi Uingereza, ikakaa wiki 11 na kufika namba 28. Wimbo wa Kilatini, kwa sauti ya Kiluba, ulioimbwa na wanafunzi wa shule ya Katanga, ulikuwa unashindana madukani na nyimbo za bendi za Kiingereza.

Kanisa nalo likaja kufika pale watoto walipokuwa wamekwisha fika. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulipitisha hati ya liturujia inayosema kwamba muziki wa asili wa mataifa ya misheni upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Mwaka 1988 Roma ikaidhinisha utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, wenye ngoma na kucheza kwake. Sidai kwamba Missa Luba ilisababisha hayo. Nasema tu kwamba maaskofu waliobishana Roma kama jambo hili linawezekana walikuwa na santuri ya kusikiliza.

Lakini majina yaliyoenea pamoja na santuri ni mawili: Guido Haazen na Joachim Ngoi. Mmoja alikuwa kiongozi, mwingine sauti ya kwanza. Wavulana 45 na karibu walimu wote wamebaki kuwa "kwaya". Maelezo yaliyotolewa pamoja na muziki yanakiri kwamba ulitokana na kubuni kwa pamoja. Hata hivyo, nota zilipokuja kuandikwa kutoka kwenye sauti zilizorekodiwa, ili makwaya ya nchi nyingine yaweze kuimba, jina lililowekwa juu ya karatasi lilikuwa la padri. Haazen alifariki mwaka 2004, na heshima anayopewa ni haki yake: bila yeye kuufungua mlango wa shule kwa ngoma, hatungekuwa na kitu. Lakini karatasi ya nota hutaka jina moja, na muziki huu haukuwa wa mtu mmoja. Waliobuni mstari wa juu wa Sanctus walikuwa watoto, na hakuna jalada linalowataja.

Mazingira yaliyoizaa kwaya hiyo hayakudumu. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitangaza kuwa nchi, Waluba wa kaskazini wakaikataa serikali ya kiongozi wake, Tshombe, na eneo la Kamina likawa uwanja wa vita hadi utengano ulipokomeshwa Januari 1963. Joseph Kiwele, yule mtunzi wa Elisabethville, aliandika wimbo wa taifa wa Katanga na kuwa waziri wake wa elimu, akafariki mwaka 1961.

Muziki wenyewe ulirudi Afrika kwa njia ya Nairobi. Mwaka 1990 Philips walitoa Missa Luba tena, safari hii ikiimbwa na Muungano National Choir ya Kenya chini ya Boniface Mganga. Waliosikiliza zote mbili hupenda kubishana ipi bora. Ya Muungano ina sauti zilizokomaa na zilizopangwa vizuri, wanawake wamo, na upande wa kiufundi imerekodiwa vizuri zaidi. Ya Kamina ina kitu ambacho watu wazima hawawezi kukitoa hata wakijitahidi namna gani, nacho ni ile sauti ya juu ya mtoto ambaye hajui kwamba anachofanya ni kigumu. Mimi huchagua ya Kamina, ila nashukuru kwamba kwaya ya Kiafrika iliichukua na kuiimba kama kitu chake.

Wala haikuwa ajabu kwamba ilitoka Kenya. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927, na ingawa lilianza kwa ajili ya Wazungu, kwa vizazi kadhaa sasa ndilo lililomfikisha mtoto wa shule ya msingi jukwaani, kutoka mashindano ya karibu na kwao hadi fainali za taifa. Humo yamo makundi ya nyimbo za kiasili, na ya nyimbo za kiasili zilizopangwa upya kwa ajili ya kwaya, na kila mwalimu anayekaa na bibi wa kijijini kumwomba amfundishe wimbo wa jando au wa mavuno anafanya ile kazi ya Kamina. Uganda nako shule zina mashindano yao. Mwaka 2005 watoto wa shule ya msingi ya Patongo, kutoka kambi ya wakimbizi wa ndani katika nchi ya Waacholi, walifika fainali Kampala, na filamu iliyowafuata, War/Dance, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Sasa tazama ratiba. Nchini Kenya muziki uliwahi kuwa sehemu ya mtihani wa darasa la nane baada ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaondolewa kwenye mtihani huo, na somo lisilo na mtihani linajulikana linavyoishia: kipindi chake huliwa na hesabu. Katika shule nyingi za kanda yetu kwaya huamka wiki chache kabla ya mashindano au kabla ya ziara ya mheshimiwa, hufanya mazoezi jioni watoto wakiwa na njaa, huimba, hupewa cheti, hulala tena. Mwalimu anayeifundisha hana kipindi wala posho, hana hata chumba. Anafanya kwa sababu anapenda, na mwaka anaohamishwa kwaya inakufa.

Kamina haikuwa na vifaa vya ajabu. Hakuna chochote katika Missa Luba ambacho shule ya Geita, Kitui au Kalemie haiwezi kukipata wiki hii: ngoma, kibuyu, gogo, nyimbo ambazo wazazi wa watoto wanazijua, na walimu waliokubali kuimba pamoja na wanafunzi. Walichokuwa nacho kingine ni muda. Kutoka Haazen alipofika hadi Misa ilipoimbwa ni zaidi ya miaka minne, na kwaya iliimba mfululizo, si kwa ajili ya shindano moja. Ninapowasikia wakuu wa shule wakisema hawana bajeti ya muziki nakumbuka vyombo vile vitatu. Kinachokosekana ni saa mbili kwa wiki ambazo hakuna mtu anaruhusiwa kuzichukua.

Na yale ambayo Kamina ilikosea tunaweza kuyasahihisha kwa kalamu tu. Mwalimu wa kwaya unayesoma haya: andika majina. Wimbo uliotolewa na mzee fulani wa kijiji fulani, andika jina lake na kijiji chake. Mtoto aliyebuni kiitikio, andika jina lake na darasa lake. Weka wasichana mbele pamoja na wavulana. Ukirekodi kwa simu, hifadhi nakala shuleni na mpe kila mzazi anayetaka.

Machi 2028 Missa Luba itatimiza miaka 70. Wavulana walioimba siku ile walizaliwa takriban kati ya mwaka 1944 na 1949, na walio hai miongoni mwao ni wazee sana sasa. Kama yupo katika ukoo wako, Kamina, Lubumbashi, Kolwezi, Kigoma au Brussels, babu anayesema aliwahi kuimba na Troubadours, usingoje sherehe. Kaa naye, muulize jina lake kamili na majina ya waliosimama kulia na kushoto kwake, mwombe aimbe sehemu yake, na urekodi.